Sauti nene na sauti nyembamba: somo la rula, mshipi na chupa za maji

Anza na maneno kabla ya vifaa. Mtoto akiambiwa atoe "sauti ya juu" hupiga kelele. Sema nene na nyembamba. Kubwa na ndogo yaachie nguvu ya sauti. Waimbe "aa" nyembamba taratibu, kisha "aa" nene kwa nguvu, wajue ni mambo mawili.

Vifaa: rula ya plastiki ya sm 30, mita mbili za mshipi wa kuvulia wa nailoni (mm 0.6), penseli mbili, chupa nne za maji za lita 1.5, meza ya mbao.

Hatua ya 1: rula. Ibane ukingoni mwa meza, sm 25 zikiwa nje, ubonyeze ncha na kuiachia. Wataiona ikipanda na kushuka bila kusikia mlio. Inatetemeka kiasi cha mara 10 kwa sekunde, na sikio la mtu huanzia kwenye mara 20 hivi. Ivute ndani zibaki sm 10, halafu sm 5: jicho linaona ukungu tu, na sauti inazidi kuwa nyembamba. Ikilia "takataka" inagonga meza. Sogeza kiganja hadi ukingoni kabisa. Kisha, kwa urefu ule ule, bonyeza sana, bonyeza kidogo. Nguvu inabadilika, unene haubadiliki. Hapa usiharakishe, ndiyo roho ya somo.

Hatua ya 2: mshipi. Mpira wa kufungia noti uache. Ukiuvuta unarefuka na kukaza kwa pamoja, mtoto akaamini kuwa kirefu ndicho chenye sauti nyembamba. Mshipi unakazwa na uzito peke yake. Funga ncha moja kwenye msumari, upitishe juu ya meza, upande wa pili uning'inize chupa moja iliyojaa. Penseli ziwe chini ya mshipi, zikiachana sm 60. Pale unapopinda kushuka weka plastiki laini, la sivyo mbao zinaushika na uzito haufiki wote. Chini ya chupa weka mto, miguu ya watoto ikae mbali.

Piga kwa kidole. Sogeza penseli moja ibaki sm 30: mitetemo inakuwa mara mbili, sauti inapanda oktavo nzima, yaani kutoka "do" hadi "do" nyembamba inayofuata. Aliyemtazama mpiga udi kwenye taarab ataijua kazi hiyo. Vidole vya kushoto ndivyo vinavyofupisha uzi.

Hatua ya 3: uzito. Rudisha sm 60, uwaulize chupa ngapi zitafikia oktavo ile. Watasema mbili. Mbili zinafika nusu ya njia, zinatakiwa nne. Mmoja aivumishe sauti ya sm 30 mdomoni wakati wenzake wanaongeza chupa. Ikikaribia bila kufika, kagua ile plastiki.

Chupa ya kioo yenye maji iwe ya siku nyengine. Ukiigonga, maji yakizidi sauti inanenepa, kwani kioo na maji ndivyo vinavyotetemeka. Ukiipuliza, maji yakizidi inakuwa nyembamba, kwani hewa iliyobaki ni fupi. Kila mtoto ataje kinachotetemeka kabla hajaigusa.