Unga wa protini kwa aliyepandikizwa figo: hesabu za jikoni kwangu Ngamiani

Kabla hujatoa pesa ya kopo la unga wa protini, tafuta karatasi, kalamu na mizani. Wenzangu wanaouguza huniuliza, "Mama Mwanahamisi, ninunue unga gani?" Nami huwauliza: mgonjwa wako ana kilo ngapi, na jana alikula nini tangu asubuhi mpaka alipolala? Asiyeweza kujibu hayo mawili hajafika kwenye kopo.

Mie ni mama lishe hapa Ngamiani, Tanga. Si daktari wala muuguzi. Kazi yangu ni kupima chakula sahani kwa sahani, na kazi hiyo ndiyo iliyonisaidia. Mume wangu alikuwa mpagazi wa mizigo, mtu wa kubeba gunia huku anapiga soga. Figo zikamshinda, akawa mtu wa kusafishwa damu, mwisho mdogo wake akampa figo moja. Alipandikizwa Muhimbili, ambako wanafanya kazi hiyo tangu Novemba 2017. Kabla ya hapo mtu alikuwa hana budi kupelekwa nje, wengi India. Figo mpya ikakubali vizuri, mkojo ukaja, vipimo vikapendeza. Miguu ndiyo haikuwepo. Akichuchumaa chooni hainuki bila kushika ukuta, na kwenye sala akawa anasali juu ya kiti.

Watu walidhani ni kidonda cha operesheni. Kidonda kina sehemu yake, lakini mwili ulikuwa umeanza kuliwa siku nyingi, tangu wakati wa kusafisha damu na kukosa hamu ya kula. Juu ya hayo kuna prednisoloni, dawa mojawapo ya kuuzuia mwili usiikatae figo. Inaokoa, lakini inakondesha misuli, hasa ya mapaja na nyonga, ile ya kukuinua kutoka kwenye mkeka. Na dawa hiyo hiyo huvimbisha uso na kuleta kitambi, kwa hiyo mizani ikipanda usipige vigelegele. Huenda ni maji na mafuta. Misuli ipime kwa kiti, nitaeleza mbele.

Sasa hesabu. Wiki za mwanzo baada ya kupandikizwa, kama nne hadi nane, wataalamu wa lishe kwa kawaida huelekeza protini gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, maana kuna kidonda cha kufunga na misuli ya kurudisha. Baadaye, figo ikitulia, hushushwa mpaka 0.8 au 1. Kiwango cha mgonjwa wako kitoke kliniki yake, kwa sababu mwenye kisukari, au ambaye figo mpya bado inasuasua, anaweza kupewa kingine. Wangu alikuwa na kilo 58 uvimbe ulipoisha, na tukapewa 1.3. Zidisha: gramu 75 kwa siku.

Gramu 75 ni za protini, si za nyama. Hapo ndipo watu hupotea. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa cha robo lita, 8. Kipande cha samaki aliyeiva cha gramu 100, ambacho ni kama kiganja bila vidole, kina 20 na kidogo. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva, 7. Ugali wa mahindi, wali na mkate navyo vina chao, tuseme 8 mpaka 12 kwa siku nzima kwa mtu mzima anayekula. Ila bada letu la muhogo, nalipenda sana na mchuzi wa pweza, halina protini ya kuhesabu. Linashibisha tu. Mgonjwa akijaza tumbo bada na mchuzi mtupu, atakwambia ameshiba na misuli itakuwa imelala njaa.

Siku alizokuwa hana hamu niliandika hivi: yai moja 6, maziwa 8, nusu kipande cha samaki 11, maharage vijiko vichache 4, wali na mkate 8. Jumla 37. Pengo ni 38. Hilo pengo ndilo kazi ya unga, na si zaidi. Kipimio kimoja cha unga wetu, gramu 30, kilikuwa na protini 24, basi kimoja asubuhi na nusu alasiri, jumla 36, tumefika. Mtu anayemnywesha mgonjwa vipimio vinne kwa siku juu ya chakula kamili anaipa figo kazi isiyo na faida, maana mwili hauweki akiba ya protini. Kinachozidi kinavunjwa na taka zake zinapita figoni.

Kwenye chakula chenyewe, Tanga tumebarikiwa. Changu, tasi, kibua, vyote vizuri, vipikwe mpaka viive kabisa. Ng'onda na papa mkavu niliviondoa kwa ajili ya chumvi, kwa sababu presha ni adui wa figo mpya. Chaza mbichi hapana kabisa. Maziwa yawe ya pakti yaliyokwisha kuchemshwa kiwandani, kama ya Tanga Fresh, au ukinunua ya dumu kwa mwenye baiskeli uyachemshe mpaka yafoke. Mtu ambaye kinga yake imeshushwa kwa makusudi hachezi na maziwa mabichi. Mayai kiini kigande. Wapo vijana watakaokwambia umpe mayai mabichi yaliyopigwa kwenye maziwa ili apate nguvu. Unaweza kumpa ugonjwa wa kuharisha na homa. Karanga zenye ukungu au uchungu tupa, usizisage kwenye uji, na unga wa lishe wa kuchanganywa usinunue usipojua nafaka zake zilihifadhiwaje.

Turudi kwenye kopo. Nilichagua protini ya maziwa, ile ambayo kwenye kopo huandikwa whey, isiyo na ladha na yenye orodha fupi ya vilivyomo. Ladha ya chokoleti inavutia, lakini huja na sukari, na dawa za kuzuia figo isikataliwe, prednisoloni na takrolimusi, zenyewe hupandisha sukari ya damu. Wapo wanaopata kisukari baada ya kupandikizwa. Makopo makubwa ya kunenepesha yenye picha ya mtu mwenye kifua kama mlango, yaache palepale dukani. Mengi yake ni sukari. Kolajeni nayo inauzwa sana siku hizi, lakini ni protini pungufu, haina vyote ambavyo misuli inahitaji. Kopo liwe limefungwa na kiwanda, tarehe inasomeka. Unga wa kupimiwa kwenye kifuko cha nailoni siununui, hata kama muuzaji ni jirani.

Asiyeweza bei ya kopo atumie maziwa ya unga. Gramu 30, kama vijiko vinne vikubwa, zina protini 8 hivi, na ukiyachanganya kwenye uji au kwenye maziwa ya maji umeongeza kitu cha maana. Kuna jambo moja: maziwa yana potasiamu, madini yasiyotakiwa kuzidi kwenye damu, maharage na ndizi pia, na takrolimusi huizuia potasiamu isitoke vizuri mwilini. Kwa hiyo angalia majibu ya damu ya karibuni kabla hujaongeza. Dafu pia ni potasiamu tupu. Usikorogee unga kwenye maji ya dafu kwa sababu tu uko Tanga na madafu yako mlangoni.

Mpwa wangu anayekwenda jimu Chumbageni alikuja na kopo lake. "Mama mdogo, mpe hii, baba mdogo atajaa mwezi huu huu." Nikalisoma: kreatini, ule unga wa watu wa jimu wa kujaza misuli. Nikamrudishia na chai nikampa. Kreatini inaweza kupandisha kipimo cha kreatinini kwenye damu, na hicho ndicho madaktari wanachotumia kujua kama figo iko salama. Kikipanda watadhani mwili unaikataa figo, au siku unapoikataa kweli wewe utasema ni unga tu. Soma pia sehemu ya mitishamba. Unga wenye ashwagandha, jinsengi, ekinasia au mmea wa St John's wort haufai kwake. Baadhi huamsha kinga tunayoilaza, na huo wa mwisho hushusha takrolimusi kwenye damu. Zile zenye bakteria wa kusaidia tumbo ziulizie kwanza. Na mama mkwe akileta balungi kwa mapenzi yake, mshukuru, ulile wewe. Balungi na danzi huweza kupandisha takrolimusi mpaka kiwango cha sumu. Machungwa matamu ya Muheza hayana tatizo hilo.

Namna ya kukoroga. Unga huu ukiutia kwenye uji unaochemka unaganda madonge, na mgonjwa mwenye kichefuchefu akiona madonge umemkosa siku hiyo. Ukoroge kwanza na maji ya baridi kidogo yaliyochemshwa, uwe kama rojo, kisha umimine kwenye uji uliokwisha poa wa kunyweka. Wangu aliupenda kwenye uji wa mchele wenye iliki. Anywe wakati huo huo. Ukibaki mwaga, usiuweke mezani na joto hili. Chupa ya kutikisia ioshwe kwa sabuni na maji moto kila mara mpaka kwenye nyuzi za kifuniko. Kipimio kiwe kikavu, kopo lifungwe, unyevu wa pwani huufanya unga ushikane.

Dawa zina saa zake, na unga usiziingilie. Takrolimusi hunywewa kila baada ya saa 12 na kwa mtindo uleule kuhusu chakula. Unga ulioongezwa madini kama chuma na magnesiamu unaweza kuzuia mikofenoleti, dawa nyingine ya kuzuia figo isikataliwe, isifyonzwe vizuri na mwili, kwa hiyo sisi tuliacha saa mbili kati ya vidonge na uji wa protini. Akiharisha, acha unga na upige simu kliniki siku hiyo hiyo: kuharisha kunaweza kupandisha takrolimusi, na pia mikofenoleti yenyewe huharisha, kwa hiyo wao ndio wa kutafuta chanzo.

Halafu miguu. Protini bila kazi haijengi paja. Daktari aliporuhusu tuliweka kiti kigumu kisicho na mikono, mgongo wake ukutani. Mikono kifuani, simama, kaa polepole, mara tano, pumzika, rudia. Mara tatu kwa siku. Tano zikiwa nyepesi, nane, kisha kumi. Hicho ndicho kipimo chetu cha misuli: anasimama mara ngapi kwa nusu dakika bila kushika kitu. Kutembea jioni, kwanza mpaka msikitini na kurudi, baadaye mpaka Raskazone kupunga upepo. Kubeba vitu ni marufuku wiki sita hadi nane za mwanzo, chochote kinachozidi kilo nne au tano. Hata ndoo ya lita tano ikijaa maji imefika hapo. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo karibu na nyonga, haina mbavu za kuikinga, basi na baiskeli ingoje ruhusa. Kwa mwanaume wa Tanga hilo ni gumu kuliko dawa.

Kopo lipelekwe kliniki kabla halijafunguliwa, au piga picha ya lebo yote, mbele na nyuma. Peleka na karatasi yako ya hesabu. Wataangalia kreatinini, potasiamu, sukari, na protini kwenye mkojo. Mkojo ukiwa na povu lisiloisha, ukipungua, miguu ikivimba, homa ikifika 38 au mahali pa figo pakiuma, usingoje tarehe ya kliniki.

Kiwango chake kiliposhushwa kuwa gramu 1 kwa kilo, nilitoa tena karatasi: 58 kwa siku. Mayai mawili, kikombe cha maziwa, kipande kizima cha changu, nusu kikombe cha maharage ya nazi, na ugali wake. Jumla 61 bila unga. Kopo lililobaki nusu tukaacha kulitumia.