Kuunganisha themostati ya waifai na boila ya gesi: kazi niliyoifanya Njombe

Nyumba nyingi huku kwetu Njombe tunaota jiko la mkaa au kuni, kwa hiyo boila ya gesi (mtambo wa kuchemsha maji) yenye radiata (vibamba vya ukutani vinavyopasha chumba kwa maji hayo) ni kitu cha kutafuta. Lakini zipo, hasa kwa watu waliowahi kuishi Ulaya au wenye watoto huko. Mwezi wa sita niliitwa na mama mmoja ambaye mwanawe alimfungia boila ya ukutani yenye radiata tano, kisha akamtumia kwa posta kiboksi cheupe chenye kioo, yaani themostati.

"Kamwene mwanangu, njoo unisaidie na hiki kitu. Anasema kitaiwasha na kuizima boila chenyewe. Mimi ninachotaka ni kuamka asubuhi miguu isiwe barafu."

Themostati kwenye nyumba ya gesi ya mtungi si anasa. Boila ya kilowati 24 ikiwaka kwa nguvu zote inakula karibu kilo 2 za gesi kwa saa, maana yake mtungi wa kilo 15 hauvuki masaa manane. Mama alikuwa anaiwasha jioni kwa mkono, usingizi unampitia, asubuhi mtungi mtupu na nyumba bado baridi. Kifaa kinachozima moto chumba kikifika nyuzi 18 kinarudisha gharama yake mapema.

Nawaandikia mafundi umeme wenzangu na yeyote anayejua kushika bisibisi na kuzima meni swichi. Kuvuta waya na kuchimba ukuta sielezi.

Kuhusu gesi yenyewe

Kazi hii haihitaji kugusa bomba la gesi wala kufungua chumba cha moto. Ukijikuta unalegeza nati ya gesi, umepotea njia. Mambo matatu tu uyahakikishe kabla hujaanza. La kwanza, kama boila imetoka Ulaya, iwe imebadilishwa kwa ajili ya gesi ya mitungi, kwa sababu nyingi hutengenezwa kwa gesi asilia, na ile inayochimbwa Songo Songo haifiki huku juu. Kazi hiyo ni ya fundi gesi. La pili, mitungi iwe nje, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani inalala sakafuni na kungoja cheche. La tatu, bomba la moshi liwe zima, na ndani pawe na king'ora cha kaboni monoksaidi. Themostati itaiwasha boila saa kumi usiku watu wamelala, na hewa hiyo haina harufu. Huku tumezika watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Hewa iliyowaua ni hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Ijue boila inataka nini

Fungua kitabu chake, ukurasa wa mchoro wa umeme. Unatafuta tundu mbili za skrubu za themostati ya chumba, mara nyingi zimeandikwa RT au TA, zikiwa zimeunganishwa na kipande kifupi cha waya tangu kiwandani. Kipande hicho ndicho kinachoiambia boila "chumba kinataka joto" muda wote. Themostati inakuja kuchukua nafasi yake.

Kama kitabu kimepotea, jina la modeli liko kwenye kibati chini ya boila. Kitabu kinapatikana mtandaoni. Usikisie. Baadhi ya boila zina volti 230 kwenye tundu hizo, nyingine volti 24 au pungufu. Nyingine zina tundu za mawasiliano ya kidijitali kama OpenTherm, ambazo themostati ya kuwasha na kuzima tu haifai kuunganishwa nazo mpaka kitabu kiruhusu.

Hatua ya 2: Ijue themostati inatoa nini

Hapa ndipo bodi za umeme za boila zinapoungulia. Themostati za waifai zinazouzwa mtandaoni kwa bei nafuu zinafanana sura kabisa, ila ndani kuna aina tatu. Moja inatoa umeme wa volti 230 kufungua vali ya maji. Ya pili inatoa umeme huo huo kwa ampia 16, kwa ajili ya hita ya umeme ya sakafuni. Ya tatu haitoi umeme wowote: inafunga na kufungua mguso tu, kama swichi ya taa ambayo haijaunganishwa popote. Huo mafundi tunauita mguso mkavu, na ndio boila inautaka. Kwenye aina moja inayopatikana sana, tofauti iko kwenye herufi za namba ya modeli: GA ni ya vali, GB ya hita ya umeme, GC ya boila. Geuza kiboksi, soma mgongoni. Ukipeleka volti 230 kwenye tundu zinazotaka mguso mkavu wa volti 24, bodi imekufa, na bodi ya boila haipatikani Njombe wala Mbeya.

Yetu ilikuwa GC. Nilifurahi mapema.

Hatua ya 3: Chagua ukuta

Ukuta wa ndani, mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na radiata, dirisha la jua la asubuhi na mlango wa jikoni. Tundu la waya lililo nyuma ya themostati lizibe kwa silikoni. Hewa baridi kutoka darini hushuka ndani ya paipu ya waya na kuipulizia sensa mgongoni, nayo ikasoma nyuzi mbili au tatu chini ya hali halisi.

Hatua ya 4: Nyaya

Zima meni swichi. Hakikisha kwa maltimita kwamba umeme haupo. Bisibisi ya testa siitumii kwenye kazi hii na sitaki fundi wangu aitumie: inakuambia kuna umeme au hakuna, haikuambii volti ngapi wala kama mguso umefunga. Maltimita ya bei ya chini kabisa inaishinda.

Themostati inahitaji L (waya wa moto) na N (nyutro) kwa ajili ya kuishi kwake yenyewe. Vichukue kwenye fyuzi ile ile inayolisha boila, ili ukizima kimoja vyote vimezimika. Fyuzi hiyo iwe ya ampia 3. Plagi zetu huja na ya 13, ibadilishe.

Sasa zinabaki tundu tatu: COM, NO na NC. COM ni mguu wa pamoja. NO imeachana na COM themostati ikiwa imetulia, na inashikana nayo inapoita joto. NC ni kinyume chake: imeshikana wakati wa utulivu, inaachia inapoita joto. Waya mbili za boila zinakwenda COM na NO. Kile kipande cha waya cha kiwandani unakitoa kwenye boila.

Kuandika hivyo ni rahisi. Mimi nilifunga COM na NC. Maandishi mgongoni yalikuwa madogo, kiboksi nilikuwa nimekigeuza kichwa chini ili waya zifike, na nilisoma kwa tochi ya simu. Nikarudisha umeme. Ilikuwa saa saba mchana, sebule ina nyuzi 20, themostati imewekwa 18. Boila ikawaka hapo hapo. Mama akapiga vigelegele, nikakusanya vifaa, nikaondoka.

Lakini chumba chenye nyuzi 20 chenye themostati ya 18 hakitakiwi kuita joto. Kuwaka kule ndiko kulikokuwa kosa, na mimi nilikuona kama ushindi.

Saa mbili usiku akanipigia: mchana joto lilizidi akaizima boila, jioni ameiwasha na haipashi. Sebule 15, kioo cha themostati kinaonyesha alama ya moto, simu inasema inapasha, radiata zimepoa kabisa. Nilirudi na akili yangu yote ikaenda kwenye gesi. Ilikuwa dhana yenye mantiki. Mitungi yetu ina mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Propani hugeuka mvuke hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ila butani huanza kugoma karibu na sifuri, na mtungi mmoja unaonyonywa kilo 2 kwa saa hujipoza wenyewe mpaka unatoa jasho na barafu ubavuni. Nikaushika mtungi: baridi, lakini mkavu. Hata hivyo nikabadilisha mtungi. Hakuna kitu. Nikazima ruta na kuiwasha. Hakuna. Nikafuta themostati kwenye simu na kuisajili upya, nusu saa nyingine. Hakuna.

Ilipofika saa nne nikafungua bomba la maji ya moto jikoni. Boila ikawaka mara moja, moto wa buluu, maji ya moto. Kumbe gesi ipo, boila nzima, na waifai haihusiki. Kilichobaki ni waya mbili. Nikazima umeme, nikazichomoa waya hizo kwenye themostati na kuzifunga zisiguse kitu. Nikarudisha umeme na kuweka maltimita kwenye mlio (hali ambayo inalia mguso ukiwa umefunga), ncha moja kwenye COM, nyingine pale nilipokuwa nimeifunga waya. Nikashusha joto hadi 10. Ndani pakalia tiki, na mlio ukaanza. Nikapandisha hadi 25. Tiki, mlio ukakatika. Kinyume chake kabisa. Nilizima umeme tena, nikahamisha skrubu moja, nyumba ikaanza kupata joto.

Kwa hiyo fanya kipimo hicho cha mlio kabla hujapeleka waya kwenye boila. Themostati iwe na umeme wake, COM na NO zikiwa tupu. Ukipandisha, maltimita ilie, ukishusha, inyamaze. Dakika mbili. Usipime kwa mlio tundu ambazo tayari zimeunganishwa na boila yenye umeme, maana zinaweza kuwa na volti 230 na maltimita yako ikafa mkononi.

Hatua ya 5: Jaribu pande zote mbili

Baada ya kufunga boila, iweke kwenye hali ya kupasha radiata. Boila nyingi zina kitufe chenye picha ya bomba na picha ya radiata. Ikiwa kwenye bomba peke yake, themostati itaita hadi kesho bila kujibiwa. Pandisha hadi 25, ngoja iwake. Kisha shusha hadi 10 na usiondoke mpaka moto umezimika mbele ya macho yako. Kuwaka peke yake si ushahidi. Kile kipande cha kiwandani kikisahaulika mahali pake, boila itawaka vizuri sana, ila haitazimika kamwe.

Hatua ya 6: Waifai

Themostati hizi nyingi zinashika masafa ya gigahetsi 2.4 tu. Kama ruta yako inatoa 2.4 na 5 kwa jina moja, zima ile ya 5 wakati wa kusajili. Saa za eneo chagua Dar es Salaam au Nairobi.

Kwa maoni yangu usinunue themostati isiyoweza kufanya kazi bila intaneti. Bando huisha, umeme hukatika, na baridi ya Julai haingoji. Kabla sijampa mteja kifaa, nachomoa ruta na kuona kama ratiba bado inafuatwa.

Hatua ya 7: Ratiba

Tulia hapa na mwenye nyumba, usiifanye peke yako. Mama alitaka joto saa kumi na moja alfajiri, akaandika 11:00. Kifaa kinahesabu kizungu. Saa kumi na moja yetu ya alfajiri ni 05:00. Tukaandika pamoja: 05:00 nyuzi 18, 08:00 nyuzi 14, 18:00 nyuzi 19, 22:00 nyuzi 13. Tofauti ya kuwasha na kuzima niliiweka digrii 1 badala ya nusu ili boila isiwake na kuzimika kila dakika chache. Kinga ya baridi ya nyuzi 5 niliiacha ikiwa imewashwa; kwa wenzetu wa Makete, ambako jalidi huanguka, msiiguse kabisa.

Mwisho, chukua karatasi, andika rangi ya kila waya na tundu iliyoingia, pamoja na mahali ulipokihifadhi kile kipande cha waya cha kiwandani, kwa sababu siku themostati ikiharibika usiku, kukirudisha kwenye boila, umeme ukiwa umezimwa, ndiko kutakakowapa joto hadi ufike. Yetu nimeibandika kwa ndani ya jalada la chini la boila, na kipande kimefungwa hapo hapo kwa selotepu.