Kununua nyumba iliyokamatwa kwa deni la banki Lubumbashi: njia ya kufuata na pale inapokwama

Ikisikika kwamba nyumba ya Golf au Bel-Air inauzwa kwa deni la banki, watu huangalia bei kwanza. Wanakusanya dola, wanakopa kwa ndugu, wanangoja siku ya mnada. Lakini mnada uko katikati ya njia. Kazi nyingi iko kabla yake, na iliyo nzito zaidi iko baada. Mwongozo huu ni kwa yule anayetaka kununua bila kufunga pesa ya familia yake kwa miezi asiyoitarajia.

Ujue kwanza kwamba utakuwa kati ya sheria mbili. Kongo iliingia OHADA, muungano wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na kukamata nyumba ya mdaiwa kunafuata Hati ya OHADA ya tarehe 10 Aprili 1998 kuhusu ulipishaji wa madeni, iliyorekebishwa Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023. Siku na viwango vilivyotajwa hapa ni vya maandishi ya 1998, basi mwanasheria wako ahakikishe kama marekebisho hayo yamevigusa. Ardhi yenyewe inafuata sheria ya tarehe 20 Julai 1973: udongo ni wa Serikali, na haki yako juu ya nyumba inathibitishwa na "certificat d'enregistrement", yaani hati ya usajili, peke yake. Ya kwanza utaifuatilia kwenye tribinali de grande instance, yaani mahakama, ya pili kwa konservatera, mkuu wa ofisi ya hati za ardhi. Karatasi nyingi zinalala kati ya ofisi hizo mbili.

Hakikisha nyumba ni ya mnada kweli

Katika Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi), Katuba na mitaa mingine ya zamani, familia nyingi zina "livret de logeur" au "fiche parcellaire" tu, karatasi za kiwanja ambazo si certificat. Rehani ya banki inaandikwa juu ya certificat. Mtu akikuambia anauza "nyumba ya banki" huku mkononi ana livret peke yake, simama hapo, usitoe hata acompte, malipo ya mwanzo.

Kisha nenda kwa konservatera wa eneo ambalo kiwanja kimo. Lubumbashi ina zaidi ya eneo moja la ardhi, na wengi wanapoteza siku kwa kupanga mstari kwenye ofisi isiyo yao. Omba kwa maandishi hali ya kiwanja: nani ameandikwa, rehani ngapi, na kama "commandement", amri ya kulipa inayoletwa na huisye (ofisa anayetekeleza amri za mahakama), imeshaandikwa. Ikiwa imeandikwa, mwenye nyumba hana tena ruhusa ya kuiuza, isipokuwa pesa ya kutosha kulipa wadai iwekwe kwanza mahali panapokubalika. Kwa hiyo papa mwenye nyumba akikuita jioni na kusema "tumalizane sisi wawili kabla ya tribinali", umuonee huruma, lakini usimpe pesa.

Soma "cahier des charges" mpaka mwisho

Hiki ndicho kitabu cha mnada. Kinawekwa kwenye grefe, ofisi ya karatasi za tribinali, na wewe una haki ya kukisoma. Mpeleke avoka (mwanasheria) wako, msome pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Humo mna bei ya kuanzia, ambayo sheria inakataza iwe chini ya robo ya thamani ya nyumba sokoni. Mna gharama ambazo mnunuzi atabeba juu ya bei. Mna pia maelezo ya kiwanja, na hayo uyalinganishe na macho yako: chukua mpima wa kadastre, ofisi ya vipimo vya ardhi, mwende mahali penyewe, mtafute mipaka. Ukuta wa jirani ulioingia mita mbili ndani ya kiwanja hautarudi nyuma kwa sababu ya mnada.

Angalia aina ya haki. Concession, yaani haki ya kutumia udongo wa Serikali, ikiwa ya kudumu ni ya raia wa Kongo peke yao. Ile ya kawaida ina miaka yake, mara nyingi 25. Ukinunua iliyobakiza miaka michache, kazi ya kuomba iongezwe itakuwa yako.

Halafu uliza kuhusu familia. Je, mke au mume alitia sahihi wakati nyumba inawekwa rehani? Je, kuna watoto wa marehemu wanaosema nyumba ni ya baba yao? Anayedai nyumba si ya mdaiwa anaweza, kabla ya mnada, kuomba tribinali iitoe katika mali iliyokamatwa. Ombi kama hilo linasimamisha kila kitu. Mimi nashauri upite kwenye avenue yenyewe na uongee na majirani. Mara nyingi wanajua ugomvi ambao faili halijauandika bado.

Siku ya mnada

Unaweza kupandisha bei mwenyewe au kupitia avoka. Hati ya 1998 inaeleza kupima muda kwa mishumaa ya takriban dakika moja: mitatu ikizimika mfululizo bila bei mpya, wa mwisho ndiye mshindi. Asipojitokeza mtu yeyote, banki iliyoshtaki inachukua nyumba kwa bei ya kuanzia, isipokuwa ikiomba mnada uahirishwe kwa bei mpya ya kuanzia; ikiichukua, utalazimika kuzungumza na banki yenyewe.

Mnada unaweza kuahirishwa kwa sababu nzito, asubuhi ileile umeshavaa na kufika. Usibadilishe dola zako wala kuvunja akiba kabla avoka hajathibitisha kwenye grefe kwamba kikao kipo.

Siku kumi zinazouma

Umeshinda kwa dola 40,000. Nyumbani wanapiga vigelegele. Waambie wangoje: ndani ya siku kumi mtu yeyote anaweza kurudi na kuongeza angalau sehemu moja ya kumi, yaani 44,000, na nyumba inarudi mnadani. Katika siku hizo usinunue saruji, usiite fundi, usitoe notisi kwa mwenye nyumba unayopanga sasa.

Saa nyingine nayo inakimbia. Kwa maandishi ya 1998 una siku ishirini tangu mnada za kulipa bei na gharama. Ukishindwa, nyumba inauzwa tena, na ikitoka kwa bei ya chini, tofauti unailipa wewe. Ndiyo sababu pesa iwe tayari kabla ya mnada, si ahadi ya mjomba aliye Kolwezi. Kila malipo, dai risiti yenye namba ya faili.

Kwa konservatera, kuomba jina libadilishwe

Ukishalipa, grefe inakupa nakala rasmi ya hukumu ya mnada. Ipeleke kwa konservatera haraka. Hati ya 1998 inatoa miezi miwili. Andika barua ya ombi, ambatisha hukumu hiyo, risiti, kitambulisho na certificat ya zamani, ambayo kwa kawaida iko banki. Iombe banki kwa maandishi siku ileile unapolipa, kwa kuwa karatasi hiyo moja inaweza kukukwamisha kuliko tribinali nzima. Omba pia, kwa maneno wazi, rehani zote zilizosafishwa na mnada zifutwe. Baki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Watu waliomo ndani

Hapa ndipo penye uchungu wa kweli. Mama na watoto hawana pa kwenda, au mpangaji ameshalipa garanti, pesa ya dhamana ya kodi. Hukumu inakupa nguvu ya kutumia huisye, lakini anza na mazungumzo. Kuwapa muda ulioandikwa na kutiwa sahihi, pamoja na mchango wa kuhamia, mara nyingi kunafungua mlango mapema kuliko amri. Wakikataa, huisye ndiye wa kuwatoa. Usitume vijana, usivunje kufuli: kesi mpya itakuwa juu yako.

Siku ya kukabidhiwa funguo, huisye aandike hali ya nyumba, chumba kwa chumba, na mita za SNEL (umeme) na Regideso (maji) zisomwe mbele ya wote. Peleka namba zilizosomwa kwenye ofisi zao wiki hiyohiyo, ili deni la zamani lisihamie kwenye jina lako.