Kubadili diski ya Dell Latitude E6430 na kusakinisha mfumo upya: usianze bila kuangalia betri ya saa

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari hapa Morogoro aliniletea Dell Latitude E6430, laptopu ya mwaka 2012 iliyoingia nchini kama mtumba. Diski yake ilikuwa inagonga, na kufungua hati moja ya mtihani kulichukua muda wa kuchemsha chai. Alikuwa ameshaambiwa anunue mashine nyingine. Mimi nilimkatalia. Core i5 ya kizazi cha tatu inatosha kabisa kuandika mitihani, kujaza alama na kufungua barua pepe. Kilichoilemaza ni ile diski ya kuzunguka. Nimepanga hatua hizi kwa mfuatano ambao ningeufuata tangu mwanzo ungeniokolea jioni mbili.

Hatua ya 1: Okoa mafaili

Diski inayogonga usiendelee kuiwasha ili uone kama itapona. Itoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa SATA kwenda USB, unakili kwanza vile visivyopatikana tena: alama za wanafunzi, vyeti vilivyoskaniwa, picha za familia. Filamu na muziki vingoje.

Kunakili kukikwama kila baada ya dakika mbili, usilazimishe. Tumia ddrescue, programu ya kuokoa diski mbovu, kutoka kwenye mashine yenye Linux (mfumo wa kompyuta unaotumika badala ya Windows):

sudo ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

Inachukua kwanza sehemu zilizo nzima na kuziruka zilizoharibika. Lile faili la .map linakumbuka ilipofika, hivyo hata umeme ukikatika unaendelea pale pale. Unakohifadhi pawe na nafasi sawa na diski nzima, si sawa na mafaili tu. Na kabla ya kubonyeza Enter, andika lsblk, inayoorodhesha diski zote, uhakikishe sdb ndiyo diski unayoikusudia.

Hatua ya 2: SSD

Chukua SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya plagi ya SATA, inchi 2.5, unene wa mm 7. GB 240 zinatosha kazi za ofisi. Zile nyembamba za NVMe hazina pa kukaa kwenye mashine hii. Ukionyeshwa SSD ya jina usilolijua, imeandikwa TB 2 na bei yake ni ya GB 240, iache hapo dukani.

Kuifunga ni kazi ya bisibisi na dakika tano.

Hatua ya 3: Betri ya saa na BIOS

Hapa ndipo jioni zangu mbili zilipoishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mara ya kwanza nilifunga SSD, nikasakinisha Linux Mint kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta; ya zamani huitwa Legacy), ikawaka vizuri. Mwalimu akaondoka nayo amefurahi. Asubuhi yake akapiga simu: "Fundi, inaniambia hakuna kifaa cha kuwashia." Nikaishuku SSD. Nikaitoa, nikaipima kwenye mashine nyingine, nzima. Nikasakinisha upya, nikaizima na kuiwasha mara tano mbele yake, ikawaka mara zote tano. Akaichukua. Asubuhi ikaja simu ile ile.

Nikamuuliza, "Mwalimu, usiku huwa unaiacha kwenye umeme?"

"Hapana, naichomoa. Betri yake ilishakufa siku nyingi, naitumia kwa chaja tu."

Jibu lilikuwa hapo. Ndani ya laptopu kuna betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, inayoshikilia saa na mipangilio ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya mfumo) pale umeme mwingine unapokosekana. Betri kubwa ikiwa nzima, hii ndogo inaweza kufa na usijue kwa muda mrefu, maana kubwa inaibeba. Siku betri kubwa nayo inapokufa na chaja ikachomolewa, au umeme wa mtaa ukakatika, BIOS inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kwenye E6430 mpangilio huo wa kuwasha ni Legacy. Mimi nilisakinisha kwa UEFI. SSD ilikuwa nzima na Mint ilikuwa nzima, ila BIOS ilikuwa inaitafuta kwa njia ambayo haikuwekwa.

Dalili zilikuwapo tangu siku ya kwanza:

Ujumbe wa "Time-of-day not set" wakati wa kuwasha. Mwalimu alishazoea kubonyeza F1 na kuendelea.

Tarehe inayorudi nyuma miaka mingi kila asubuhi.

Kivinjari kinachokataa tovuti za kawaida kwa madai ya usalama. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza kutumika, na kwa kompyuta iliyorudi mwaka 2012 tarehe hiyo bado haijafika. Kwa sababu hiyo hiyo apt, programu ya Mint ya kusakinisha na kusasisha, hugoma na kusema faili la Release "is not valid yet".

Ukiona hata moja kati ya hizi, badili betri kabla ya kugusa jambo lingine.

Ya Dell hii imo chini ya kifuniko cha chini, na ina nyaya mbili fupi zenye plagi ndogo. Chomoa chaja na betri kubwa kwanza. Usinunue CR2032 tupu na kuichomelea nyaya kwa risasi, kwani joto linaiharibu betri ya lithiamu na inaweza kupasuka usoni pako. Nunua iliyokuja na nyaya zake, kisha ilaze kando ya ile ya zamani ulinganishe: nyaya nyekundu na nyeusi zikae upande ule ule wa plagi. Zipo zinazouzwa nyaya zikiwa zimegeuzwa. Kama una mita, pima. Mpya inasoma volti 3 na kidogo juu. Ya mwalimu haikufika hata volti moja.

Sasa washa, bonyeza F2, na uweke mambo matatu.

Saa. Linux huchukulia kuwa saa ya BIOS ni ya UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo baada ya kusakinisha, ukirudi kwenye BIOS ukakuta saa iko nyuma kwa saa tatu, usiirekebishe, iko sawa. Ukiirekebisha utakuwa unafukuzana nayo kila siku.

SATA Operation, yaani namna mashine inavyowasiliana na diski. Kiwandani imewekwa RAID On. Weka AHCI, na ufanye hivyo kabla ya kusakinisha. Ukiibadilisha baada ya kupiga Windows, utakutana na skrini ya bluu.

Boot List Option, yaani kuchagua UEFI au Legacy. Hapa najua wengi watanipinga, kwani ushauri wa kawaida ni UEFI daima. Kwa laptopu ya umri huu, ambayo mwenyewe hana mpango wa kununua betri kubwa, mimi sasa naweka Legacy. Betri ndogo ikifa tena baada ya miaka kadhaa, BIOS itarudi Legacy na mashine itawaka tu. Kwa SSD ya GB 240 hakuna kikubwa unachokipoteza. Ila kama kuna Windows iliyokwisha kuwekwa kwa UEFI na unataka mifumo yote miwili, fuata UEFI.

Na kama umeshasakinisha kwa UEFI na BIOS ikasahau, usisakinishe upya kama nilivyofanya. Ingia F2, rudisha Boot List Option kwenye UEFI. Mint isipoonekana kwenye orodha ya kuwashia, iongeze mwenyewe na uielekeze kwenye faili la shimx64.efi ndani ya folda ya EFI/ubuntu. Jina ni ubuntu kwa sababu Mint imejengwa juu ya Ubuntu, hujakosea mahali.

Hatua ya 4: Mfumo gani, na flashi

Mwalimu alitaka nimpigie Windows. Nilimweleza hivi: Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yake ni ya tatu. Windows 10 nayo Microsoft walifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 iingie, na mimi sizitumii kwenye mashine ya mtu mwingine, kwa sababu sasisho moja likigoma, yeye ndiye atakayebaki nayo usiku wa kuamkia mtihani.

Nilichagua Linux Mint 22 toleo la Xfce, jepesi na lenye masasisho hadi mwaka 2029. Pakua usiku kama una bando la usiku, ni karibu GB 3. Linganisha namba ya sha256sum, inayothibitisha kuwa faili limefika zima, na ile ya tovuti yao. Faili lililopakuliwa nusu linaweza kuwaka vizuri kisha likakwama katikati ya usakinishaji.

Kuandika flashi natumia Ventoy. Unaiandaa flashi mara moja, baada ya hapo unanakili tu faili la ISO (lile ulilolipakua) ndani yake kama unavyonakili wimbo, na flashi moja inabeba mifumo kadhaa. Rufus nayo ni nzuri.

Hatua ya 5: Kusakinisha

Washa, bonyeza F12, chagua flashi. Mint ikishawaka kutoka kwenye flashi, fungua terminal uandike:

ls /sys/firmware/efi

Ikijibu "No such file or directory" uko Legacy. Ikileta orodha uko UEFI. Hakikisha inalingana na ulichokiamua, kisha fuata maelekezo ya skrini.

Hatua ya 6: Wi-Fi

Baadhi ya E6430 zina kadi ya Broadcom ambayo haiwaki yenyewe. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, kisha fungua Driver Manager iipakue. Baada ya hapo sasisha mfumo wote.

Hatua ya 7: Jaribio la usiku

Kuzima na kuwasha mara tano hakupimi kitu, kama nilivyoona. Zima, chomoa chaja, toa betri kubwa, iache hivyo hadi asubuhi. Ya mwalimu niliiacha juu ya kabati usiku mbili. Siku ya tatu nikachomeka chaja na kuiwasha: haikuomba F1, tarehe ilikuwa ya siku hiyo, na Mint ikafunguka moja kwa moja. Ndipo nikampigia aje kuichukua.