Kupima Kizingiti cha Mguso kwa Uzi wa Ndoano: Mwongozo kwa Walimu wa Baiolojia

Mwalimu mwenzangu wa Ilemela aliniomba nimwelekeze namna ya kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu jinsi ngozi inavyotambua kichocheo na kukigeuza kuwa taarifa inayosafiri kwenye neva. Nilimpa njia ya kupima kizingiti cha mguso, yaani nguvu ndogo kabisa ambayo ngozi huihisi. Ni njia ya mwanafiziolojia Max von Frey, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alipima hisia za ngozi kwa nywele za unene mbalimbali zilizofungwa kwenye vijiti. Sisi wa Mwanza tuna uzi wa nailoni wa ndoano, nao unafaa kuliko nywele.

Walimu wengi hutumia bikari yenye ncha mbili. Mimi siipendi, kwa kuwa mkono wa mpimaji hubonyeza kwa nguvu tofauti kila mara. Uzi hujidhibiti wenyewe: ukishapinda, nguvu yake haiongezeki kwa kiasi cha kujali hata ukizidi kusukuma.

Hatua ya 1: Vifaa. Nunua kwenye duka la zana za uvuvi uzi wa nailoni usiosokotwa, wenye unene wa milimita 0.2, 0.3 na 0.5. Tafuta pia vijiti vya aiskrimu, gundi, wembe, msasa laini, na mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kama ile wanayotembea nayo wanunuzi wa dhahabu. Mizani ya jikoni haifai hata kidogo.

Hatua ya 2: Kunyoosha na kubandika. Uzi uliotoka kwenye kibonge umejikunja, na uzi uliojikunja hupinda kabla ya wakati wake. Ufunge kitu kizito, uutumbukize kwenye maji ya moto, kisha uuache upoe ukiwa bado umening'inia. Kata, bandika kwenye kijiti kwa pembe mraba, na acha sentimita 4 zitokeze. Lainisha ncha kwa msasa, maana ncha kali huamsha vipokezi vya maumivu, nawe ulikusudia kupima mguso.

Hatua ya 3: Kupima nguvu ya kila uzi. Hapa ndipo kazi nzima inapoharibika, kwa hiyo usiharakishe. Simamisha uzi wima juu ya sahani ya mizani, ushushe taratibu mpaka upinde kama upinde wa mshale, kisha ushikilie hapo hadi tarakimu zitulie. Mizani za aina hii huchelewa kusoma, na ukisukuma kwa pupa utaandika namba ya mgongano badala ya nguvu ya kupinda. Rudia mara kadhaa na uchukue wastani. Iwapo namba zinatofautiana sana, ncha inateleza juu ya sahani, na kipande kidogo cha msasa kilichobandikwa hapo kitaizuia.

Fanya kazi hii asubuhi, madirisha yakiwa yamefungwa na feni imezimwa, kwa sababu mchana upepo wa ziwani huingia darasani na kuiyumbisha mizani ya kiwango hiki. Tatizo jingine ni unyevu: nailoni hunyonya maji kutoka hewani na kulegea, hivyo uzi uliopimwa wakati wa kiangazi hautatoa nguvu ileile wakati wa masika. Pima upya siku ileile ya somo, hata kama namba za zamani zimeandikwa vizuri kwenye kijiti.

Ukihitaji kubadilisha nguvu, kumbuka kanuni mbili. Urefu ukiongezeka mara mbili, nguvu hupungua hadi robo; unene ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara 16. Kwa kukadiria, uzi wa milimita 0.3 wenye urefu wa sentimita 4 hutoa kama gramu moja hivi, ilhali ncha ya kidole chenye afya huhisi hata chini ya gramu 0.1. Ukikosa uzi mwembamba zaidi ya milimita 0.2, basi urefushe huo ulio nao.

Hatua ya 4: Kumpima mwanafunzi. Afumbe macho. Gusa ngozi mpaka uzi upinde, shikilia kwa sekunde moja na nusu, kisha uondoe. Changanya na zamu ambazo humgusi kabisa, la sivyo atajibu "ndiyo" kwa mazoea. Kizingiti ni ile nguvu anayoihisi katika nusu ya majaribio. Usitarajie mpaka mkali kati ya kuhisi na kutohisi, kwa kuwa haupo. Linganisha ncha ya kidole na shavu la mguu.

Hatua ya 5: Kueleza majibu. Uzi unapokandamiza ngozi, utando wa mwisho wa neva huvutika na kufungua milango ya protini iitwayo PIEZO2, ayoni chanya huingia, na chaji ya utando hubadilika. Mabadiliko hayo yakifika kiwango, neva hutoa msukumo wa umeme, yasipofika, haitoi. Wanafunzi wengi hudhani kuwa uzi mzito huleta msukumo mkubwa zaidi. Edgar Adrian na Yngve Zotterman walionyesha mwaka 1926 kwamba ukubwa wa msukumo haubadiliki. Kinachobadilika ni idadi yake kwa sekunde. Mahali palipoguswa hujulikana kwa neva iliyopeleka habari, na ncha ya kidole hushinda shavu la mguu kwa kuwa ina vipokezi vingi zaidi vya mguso mwepesi.

Mwisho, acha uzi wa milimita 0.5 ukiwa umepinda juu ya kiganja cha mwanafunzi kwa muda mrefu bila kuusogeza, naye aeleze anachohisi. Ngozi ya hapo ina aina mbili za vipokezi vya mguso mwepesi: vipokezi vya Meissner hutoa misukumo uzi unapogusa na unapoondoka tu, ilhali seli za Merkel huendelea kuripoti mkandamizo, ingawa kwa kasi inayopungua. Ndiyo maana atasema kwamba mguso unafifia, kisha atashtuka tena utakapoinua kijiti.