Kunde kwenye mchanga wa Mombasa, za kula na za kulisha udongo

Udongo wetu huku Kisauni, Bamburi mpaka Mtwapa mwingi ni mchanga, ukitia mbolea leo mvua ya kesho inateremka nayo, ndo mana kabla ya mahindi mi husema panda kunde kwanza.

Mbegu chukua aina ya K80 pale agroveti, hiyo unapata mboga na kunde zenyewe. Zile za kupika za soko la Kongowea nazo huota kama si kongwe, ila zijaribu kwanza, tia kumi kwenye kitambaa kibichi siku nne tano, zikiota chini ya saba hizo ni za chungu tu.

Ngoja masika yashike, Aprili hivi, au vuli ya Oktoba. Shimo la sentimita 3 hadi 5, mbegu mbili mbili, mstari na mstari 60, shimo na shimo 20. Za kufunika udongo zibane zaidi, magugu yakose jua. Samadi kidogo tu, ukizidisha utapata majani tele na maganda hakuna.

Wiki ya tatu anza kuchuma yale majani laini ya juu, usiukwangue mti wote jamani, na maua yakitoka wacha kama wataka mbegu. Vidukari wakijazana kwenye ncha piga maji ya mwarobaini jioni.

Sasa hapa ndo watu hujidanganya. Wamesikia kunde zinarutubisha, basi wanakula mboga, wanavuna mbegu, wanang'oa mpaka mizizi, halafu wanauliza mbona majani ya mahindi manjano! Naitrojeni, ndo hiyo rutuba yenyewe, inatengenezwa na bakteria kwenye vinundu vya mizizi (kata kimoja, kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi), lakini mbegu zikijaa, nyingi yake imeshahamia huko, ukivuna umeondoka nayo. Kwa hivyo gawa shamba, upande wa kula uache miezi miwili na nusu mpaka mitatu maganda yakauke, upande wa udongo ufyeke ukianza maua tu, mizizi ibaki chini, majani yatandaze papo hapo, baada ya wiki mbili tatu panda mahindi. Bamia na nyanya usizifuatishe hapo, minyoo ya mizizi yazipenda zote.

Mbegu za kuweka anika mpaka ziwe ngumu ukizing'ata, jaza jerikeni kavu mpaka shingoni ufunge kabisa, hewa ikibaki fukusi watazitoboa zote.