Kukagua nguvu za ndani za boriti na nguzo katika SAP2000 kabla ya kuchagua nondo

Programu ya uchanganuzi wa miundo kama SAP2000 ikimaliza kazi bila kutoa onyo, hilo linaonyesha tu kwamba milinganyo imepata jibu. Halionyeshi kwamba modeli inafanana na jengo litakalojengwa. Mwongozo huu unatumia boriti ya zege yenye spani mbili za mita 6 kila moja, iliyokaa juu ya maegemeo matatu na kubeba mzigo uliosambaa sawasawa wa kN (kilonewton) 20 kwa kila mita. Nimeichagua kwa sababu majibu yake yote yanaweza kupatikana kwa kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Linganisha mizigo na nguvu za maegemeo

Mzigo wote ni 20 × 12, yaani kN 240, na nguvu za maegemeo zinapaswa kuwa takriban kN 45, 150 na 45. Jumla ikija karibu na kN 285, angalia uzito wa boriti yenyewe, kwani SAP2000 huupa mzigo wa DEAD (mzigo wa kudumu) kizidisho cha uzito cha 1 hata usipoagiza. Boriti ya milimita 300 kwa 500 huongeza karibu kN 45 kwa njia hiyo, na mtu aliyekwisha kuuingiza uzito huo kwa mkono atakuwa ameuhesabu mara mbili.

Hatua ya 2: Fahamu mihimili na alama

Katika SAP2000 mhimili (mstari wa marejeo) wa 1 hufuata urefu wa kiungo, yaani boriti au nguzo, na kwa boriti ya kawaida iliyolala, momenti (athari ya kupinda) ya M3 ndiyo inayokwenda pamoja na nguvu ya mkato ya V2. M3 chanya huleta mvutano upande wa chini. Nguvu ya mhimili, yaani inayofuata urefu wa kiungo, ikiwa chanya ni ya mvutano, ilhali Robot, programu nyingine ya uchanganuzi, huhesabu mgandamizo kuwa chanya. Kwa hiyo usinakili namba kutoka programu moja kwenda nyingine kabla ya kuhakikisha alama.

Hatua ya 3: Soma umbo la mchoro kabla ya kusoma upeo

Fungua menyu ya Display, chagua nguvu za viungo, kisha onyesha M3. Ikiwa boriti inaendelea bila kukatika juu ya egemeo la kati, momenti hapo itakuwa karibu na kNm 90 yenye alama hasi, na ndani ya kila spani itafikia takriban kNm 50.6 chanya. Usishangae programu ikitoa namba iliyo chini kidogo ya 90, kwa sababu huhesabu pia mabadiliko ya umbo yanayoletwa na mkato, ambayo kanuni ya kalamu huyaacha.

Sasa chukulia kwamba mtu ameweka bawaba (kiungio kisichopitisha momenti) kwenye ncha za boriti juu ya egemeo la kati bila kukusudia. Momenti hapo huwa sifuri, na katikati ya kila spani hufika 20 × 6² ÷ 8, yaani kNm 90 ileile. Anayetazama jedwali la upeo pekee, tena bila kujali alama, ataona 90 katika modeli zote mbili na kuridhika, ingawa nondo kuu zinatakiwa juu katika modeli moja na chini katika nyingine. Hatua ya 1 nayo haitamsaidia akiishia kwenye jumla, kwa kuwa nguvu za maegemeo zitakuwa 60, 120 na 60, ambazo pia ni 240. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kipengele cha ukaguzi kinachostahili muda mwingi kuliko vyote.

Hatua ya 4: Angalia vituo vya matokeo

Programu hutoa namba kwenye vituo maalumu vya kiungo. Vikiwa vitatu tu, utasoma kNm 45 katikati ya spani na kuikosa 50.6, iliyo mita 2.25 kutoka egemeo la nje. Ongeza vituo.

Hatua ya 5: Hamisha mzigo wa matumizi

Tuseme kati ya kN 20 zile, 12 ni za kudumu na 8 ni za matumizi. Mzigo wa matumizi ukiwekwa kwenye spani moja tu, momenti ya spani hiyo hupanda hadi kNm 57.6, na ile ya egemeo la kati hushuka hadi 72. Hivyo mpangilio unaoumiza egemeo siyo unaoumiza spani, na kila mmoja unahitaji mchanganyiko wake wa mizigo, ukiwa na vizidisho vya mzigo wa kudumu na wa matumizi vya 1.4 na 1.6 kwa anayefuata BS 8110 (kanuni za Uingereza), au 1.35 na 1.5 kwa anayefuata Eurocode (kanuni za Ulaya).

Hatua ya 6: Soma bahasha kwa uangalifu, hasa kwa nguzo

Bahasha hukusanya viwango vya juu na vya chini kutoka michanganyiko yote, na kwa boriti inatosha mara nyingi. Kwa nguzo ni tofauti, kwa sababu nguvu ya mhimili iliyo kubwa kabisa na momenti iliyo kubwa kabisa huenda zisitokee kwa wakati mmoja, na nguzo yenye mgandamizo mdogo pamoja na momenti kubwa inaweza kuhitaji nondo nyingi kuliko iliyobeba mgandamizo wa juu kabisa. Kwa kila nguzo, toa P (nguvu ya mhimili), M2 na M3 (momenti za pande mbili) za mchanganyiko mmoja mmoja, kisha ukague kila seti peke yake.